Kidole gumba juu ya kadi: kisa cha Submariner moja iliyouzwa na watu wawili

Majina na tarehe vimeondolewa, mambo machache yanayoweza kumtambulisha mhusika yamebadilishwa, na namba ya saa inayoonekana humu ni ya mfano tu. Mwenye saa nitamwita Mzee. Aliyempigia picha ni mpwa wake. Aliyetapeliwa nitamwita Mnunuzi wa Mombasa. Mimi niliitwa mambo yakiwa yameshaharibika, kwa kuwa kazi yangu ni kukagua saa za mkononi zilizotumika kabla hazijauzwa.

Usuli

Mzee ni mhandisi mstaafu aliyefanya kazi Falme za Kiarabu kwa miaka mingi. Mwaka 2009, akiwa huko, alinunua Rolex Submariner yenye tarehe, toleo 16610, kwa wakala rasmi Dubai. Aliporudi Dar es Salaam alikuja nayo na kila kitu chake: boksi, vijitabu, kadi ya waranti na risiti yenye jina lake kamili. Aliivaa kwenye harusi na shughuli kubwa, siku nyingine ililala kabatini. Mtoto wake wa mwisho alipopata chuo nje ya nchi, akaamua kuiuza. Alitaka dola 9,000 za Marekani.

Kwa bei hiyo soko la nyumbani ni dogo. Wenye fedha wengi hupanda ndege na kununua Dubai hukohuko. Wanaobaki hawaamini kwa urahisi, maana kopi za Submariner zimejaa mitaani kwa bei ya raba. Kwa hiyo Mzee alitangaza sehemu tatu: kwenye mtandao wa kimataifa wa saa zilizotumika, kwenye magrupu ya WhatsApp ya wapenda saa, na kwenye ukurasa wa Facebook wa mpwa wake.

Namba yenyewe, na kwa nini waliificha

Kila Rolex ina namba yake ya utambulisho, ile ambayo sisi wa kazi hii tunaiita serial namba. Kwenye saa za zamani imechongwa ubavuni mwa kasha, upande wa 6, mahali panapofunikwa na mkanda, na huwezi kuisoma mpaka mkanda uvuliwe. Katikati ya miaka ya 2000 Rolex walianza kuichonga ndani, kwenye ukingo wa chuma unaozunguka uso wa saa chini ya kioo. Ukingo huo umeandikwa neno ROLEX likijirudia pande zote, na ukishuka hadi kwenye 6 ndipo unaikuta namba, herufi ndogo sana ambazo mwenye macho ya kawaida anazipita bila kuziona. Kamera ya simu ya siku hizi haizipiti.

Kuanzia 1987 hadi kufikia 2010 namba hizo zilianza na herufi inayodokeza mwaka wa kutengenezwa. Ya Mzee ilianza na V, inayopatana na risiti ya 2009. Tangu 2010 hutolewa kwa kuchanganywa, hazimwambii mtu mwaka wowote. Ndiyo maana wanunuzi wa saa za kipindi cha Mzee hupenda kuona walau mwanzo wa namba.

Mpwa alimwambia mjomba wake waifiche, kwa sababu aliyoisikia kwa watu: watengenezaji wa feki wataichukua namba na kuichonga kwenye saa zao. Sababu hiyo ndiyo inayotajwa kuliko zote, na kwa maoni yangu ndiyo dhaifu kuliko zote. Kiwanda cha feki hakihitaji namba ya Mzee. Viwanda hivyo huchonga namba moja ileile kwenye maelfu ya saa na biashara inaendelea. Zipo sababu nzito zaidi. Mtu anaweza kuichukua namba na picha akauza saa asiyokuwa nayo. Mwingine anaweza kudai kwa polisi, kwa bima au kwenye rejista ya saa zilizoibwa kwamba saa yenye namba hiyo ni yake. Na wapo wanaouza saa mpya mara tu baada ya kuinunua, hao humwogopa wakala aliyewauzia: akiiona namba atajua ni nani aliyeigeuza biashara, na jina lao litaondolewa kwenye orodha ya wanaosubiri kuuziwa saa mpya. Hili la mwisho halikumhusu Mzee.

Mlolongo wa mambo

Mpwa alipiga picha nzuri, lazima nimpe haki yake. Saa juu ya kitambaa cheusi, mwanga wa dirishani, hakuna mikwaruzo iliyofichwa. Kwenye picha ya kadi ya waranti aliweka kidole gumba juu ya tarakimu tatu za mwisho. Zilizobaki wazi zilikuwa V417. Risiti aliifuta kwa rangi nyeusi kuanzia jina hadi anwani.

Maswali yakaanza. Mtu wa Arusha aliuliza kwa nini namba imefichwa, alipojibiwa kuwa ni kwa usalama akaandika, "Basi kaka, mimi sinunui kitu chenye siri," akaondoka. Mwingine wa Muscat, anayeonekana kujua kazi, hakujali kadi. Yeye alitaka picha ya karibu ya uso wa saa ili aone kama nukta zinazong'aa gizani zimepasuka au zimebadilishwa. Ombi hilo ni la halali kabisa. Mpwa akaisogeza simu, akapiga, na kwa kuwa picha ilitoka safi akaiongeza kwenye albamu ya tangazo ili asiombwe tena.

Ukiikuza picha hiyo, chini kwenye ukingo wa ndani namba inasomeka. Si yote. Mng'ao wa dirisha umemeza herufi na tarakimu mbili za mwanzo. Kinachobaki ni 7826. Kadi inasema V417 na kidole. Ukingo unasema mng'ao na 7826. Mtoto wa darasa la nne ataziunganisha: V417826.

Siku kadhaa baadaye likatokea tangazo jingine, mahali pengine, kwa picha zilezile. Bei ilikuwa dola 7,700, na "muuzaji" alikuwa na namba ya simu ya Dubai. Mnunuzi wa Mombasa akampigia. Hakuwa mjinga, alikuwa amesoma, na alifanya jambo ambalo sisi wakaguzi huwahimiza watu walifanye. Aliomba namba kamili. Akapewa mara moja, bila kigugumizi, imeandikwa kwenye ujumbe. Akaipeleka kwenye rejista ya saa zilizoibwa. Jibu likaja safi: hakuna taarifa yoyote juu ya saa hii. Akatuma arbuni ya dola 1,500 kwa jina la mtu wa tatu aliyeelezwa kuwa ni mhasibu. Simu ikawa haipatikani.

Ndipo akazitafuta zile picha mtandaoni, na utafutaji ukamleta kwenye tangazo la Mzee. Ujumbe wake wa kwanza ulikuwa hivi: "Nimetuma arbuni kwa saa hii hii, namba hii hii. Sasa kati yenu ni nani mwizi? Pesa yangu isiporudi kesho naipeleka namba polisi na kwenye rejista, na hiyo saa hutaiuza milele."

Maamuzi na sababu zake

Mpwa alitaka kufuta matangazo yote na kumfungia mtu wa Mombasa. "Mjomba, hatujachukua hela ya mtu, tunyamaze yaishe." Mzee hakulala. Asubuhi alinipigia kupitia kwa jamaa tunayefahamiana.

Jambo la kwanza tuliloamua ni kutofuta chochote kabla ya kuhifadhi. Tulipiga picha za skrini za tangazo la kweli na la uongo, tarehe na saa zikionekana, pamoja na mazungumzo yote. Tangazo la Mzee lilikuwa limewekwa kabla ya lile la tapeli, na tarehe hiyo ndiyo iliyokuwa kinga yake kubwa. Angelifuta, angebaki na neno lake tu.

La pili lilikuwa kumjibu mtu wa Mombasa badala ya kumkimbia. Hapa tulibishana. Mzee aliona fedheha kujitetea kwa mtu asiyemjua aliyemwita mwizi. Mimi nilitazama tishio lake upande mwingine: kama angeipeleka namba kwenye rejista ikaandikwa kuwa ina mgogoro, kila mnunuzi makini atakayeitafuta baadaye angeukuta. Rolex nao huweka kumbukumbu za saa zilizoripotiwa kuibwa, na saa ya namna hiyo ikipelekwa kwao kufanyiwa huduma inaweza kuzuiwa. Mzee angekuwa na saa halali asiyoweza kuiuza wala kuipeleka kwa fundi wa kiwandani. Kumtuliza mtu mmoja mwenye hasira kulikuwa rahisi kuliko kuisafisha namba baadaye.

Tulifanya simu ya video. Nilimwomba Mnunuzi wa Mombasa atoe amri yoyote anayotaka. Akafikiri, akasema: "Ziweke mishale kwenye saa tisa na dakika kumi na saba, tarehe iwe ishirini na mbili, kisha uweke kijiko juu ya mkanda." Mzee akafungua kifundo cha pembeni, akazungusha, akamwita mtu jikoni alete kijiko. Kisha akaonyesha kadi na risiti, anwani ikiwa imefunikwa lakini jina likiwa wazi, na kitambulisho chake kando yake. Upande wa pili palikuwa kimya, halafu: "Shikamoo Mzee wangu. Nisamehe kwa maneno ya jana."

La tatu, tulikwenda kituo cha polisi. Mzee hakuwa ameibiwa kitu, na askari wa kwanza hakuona kosa liko wapi. Tulieleza kwamba mali yake inatumika kutapeli watu kwa njia ya mtandao, jambo linaloingia chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Taarifa ikaandikwa na tukapata namba ya RB, yaani ya kitabu cha taarifa cha polisi wa Tanzania. Mnunuzi wa Mombasa naye akaripoti kwao Kenya na kupata namba ya OB, ambayo kwa polisi wa huko ni kama RB yetu. Tulibadilishana nakala, ili taarifa zote mbili zimtaje mtu mmoja kuwa tapeli na saa moja kuwa ya Mzee.

La nne ndilo lililotuchukua muda kulijadili: je, sasa kwa kuwa namba imeshavuja, iwekwe wazi? Mpwa alisema ndiyo, hakuna tena cha kuficha. Hoja yake ina mantiki. Nilimpinga kwa sababu moja. Tapeli alikuwa na namba kwa maandishi na kwa vipande. Hakuwa na picha hata moja inayoionyesha yote. Kumpa picha hiyo ni kumkamilishia kazi. Tukapiga picha upya, kila moja ikiwa na karatasi ndogo yenye jina la Mzee na tarehe ya siku hiyo, karatasi ikigusa saa ili isikatwe kirahisi. Namba yote ikafunikwa kila mahali isipokuwa herufi V. Kwenye maelezo tukaandika kwamba namba kamili hutolewa kwa mnunuzi aliyejitambulisha, kwa simu ya video au ana kwa ana, kabla ya malipo yoyote.

Matokeo

Tangazo la uongo liliondolewa baada ya kuripotiwa na RB kuambatishwa. Siku chache baadaye lilirudi kwa jina jingine, na picha zilezile za zamani. Arbuni ya Mnunuzi wa Mombasa haikurudi, na aliyeipokea hakupatikana.

Saa yenyewe iliuzwa baada ya miezi miwili hivi, kwa mtu wa Dar es Salaam, kwa bei pungufu kidogo ya ile Mzee aliyotaka. Mnunuzi huyo alipewa namba kwa video, akaitafuta mwenyewe kwenye rejista, kisha tukakutana ndani ya tawi la benki. Nilivua mkanda nikasoma namba ya toleo upande wa 12, nikasoma namba ya utambulisho kwenye ukingo kwa lenzi, nikailinganisha na kadi herufi kwa herufi. Nikafungua mfuniko wa nyuma: mashine ya ndani ilikuwa aina ya 3135, kama inavyotakiwa kwa toleo la 16610. Fedha zikahamishwa kwa benki na mkataba wa mauziano ukasainiwa mezani pale.

Uchambuzi

Watu wakisikia kisa hiki hukimbilia kusema kosa ni ile picha ya karibu. Ni kweli iliivujisha namba, lakini mimi naona tatizo lilianza mapema zaidi. Kila picha ilifichwa peke yake, na hakuna aliyezitazama zote pamoja kama atakavyozitazama mtu mwenye nia mbaya. Kidole kilifunika mwisho, mng'ao ukafunika mwanzo. Ukiamua kuacha sehemu ya namba wazi, iwe sehemu ileile kwenye kadi, kwenye risiti, kwenye ukingo, kwenye lebo ya boksi. Na kabla ya kutangaza, mtu asiyepiga picha hizo aziangalie zote kwa kuzikuza.

Njia ya kuficha nayo ina mambo yake. Kidole au kipande cha karatasi wakati wa kupiga picha ni salama, kwa sababu kilicho chini hakikuingia kamerani. Kufuta baadaye kwa simu ni jambo jingine. Kalamu ya kupakia rangi inayopitisha mwanga huonekana nyeusi tii ukiipitisha mara tatu, lakini mtu akiongeza mwangaza wa picha maandishi hurudi. Hata kukata picha hakukuwa salama wakati wote: mwaka 2023 ilibainika kwamba picha za skrini zilizokatwa kwa zana ya simu za Google Pixel zingeweza kurudishiwa sehemu iliyokatwa, na zana ya Windows 11 ikakutwa na kasoro ya aina hiyohiyo. Risiti ya Mzee ilifutwa kwa rangi nzito isiyopitisha kitu, ikanusurika.

Kuhusu rejista, hapa ndipo kisa kinapofundisha zaidi, kwa sababu mtu aliyetapeliwa alifuata ushauri mzuri na ushauri huo ukamponza. Zipo rejista za kuaminika. The Watch Register ya London hukusanya taarifa za saa zilizopotea na kuibwa, na kundi la Richemont lilifungua Enquirus mwaka 2023, ambayo mtu hutafuta bila malipo na haibagui chapa. Ila rejista huulizwa swali moja: je, kuna mtu aliyelalamikia namba hii? Haimjui anayekuuzia. Saa iliyolala salama kabatini kwa Mzee lazima itoe jibu safi, na ndiyo maana tapeli alitafuta namba ya kweli badala ya kubuni. Ya kubuni ingeweza kugongana na malalamiko ya mtu au kutolingana na toleo. Ya Mzee ilikuwa na kila kitu isipokuwa saa yenyewe mkononi mwake.

Kwa hiyo ningebadilisha mpangilio wa hatua kwa mnunuzi. Kwanza athibitishe kwamba anayezungumza naye anayo saa, ndipo aulize namba. Kijiko na saa tisa na dakika kumi na saba vilifanya kazi kwa sekunde chache kuliko utafutaji wote. Namba iliyoandikwa tu kwenye ujumbe haithibitishi kitu. Aombe picha moja inayoonyesha namba yote pamoja na jambo alilochagua yeye mwenyewe. Tapeli wa kisa hiki asingeweza kuitoa. Na jina la mpokeaji lisilolingana na la muuzaji lingetosha kusimamisha malipo hata bila kujua lolote kuhusu saa.

Kwa upande wa muuzaji, mtu wa Arusha ananisumbua kidogo. Alikuwa na haki ya kuondoka. Kwa mtu asiyekufahamu, namba iliyofichwa bila maelezo inafanana sana na saa ya wizi, na jibu la "ni kwa usalama" halimsaidii kwani mwizi naye angejibu vivyo hivyo. Tangazo la pili lilieleza lini na kwa njia gani namba itatolewa, na swali hilo halikuulizwa tena na mtu yeyote. Kuficha kulibaki kulekule. Kilichoongezeka ni ahadi inayopimika.

Simu ya video tuliifanya tukiwa na bahati kwamba mtu wa Mombasa alikuwa tayari kusikiliza. Angekuwa ameshaipeleka namba kwenye rejista siku ileile, hatua zetu zote zingekuwa za kujisafisha. Mpwa alikuwa sahihi kwamba hawakuchukua hela ya mtu, lakini kunyamaza kungemwacha aliyetapeliwa na ushahidi mmoja tu, nao ulikuwa unamwelekea Mzee.

Limebaki jambo moja ambalo wauzaji wengi hulisahau pesa zikishaingia. Namba ile sasa imeandikwa kwenye taarifa mbili za polisi katika nchi mbili, na aliyeinunua ndiye atakayeulizwa ikiwa itaibuka tena, kwenye forodha, kwa fundi au atakapoiuza mwenyewe. Kwa hiyo ndani ya boksi, chini ya vijitabu vya 2009, tuliweka mkataba wa mauziano, nakala ya RB, nakala ya OB ya Mombasa na picha za skrini za matangazo yote mawili zikiwa na tarehe zake.